Wilaya Iliyofurahi Kupita Kiasi

Siku waliyoniaga, walimu wa idara yangu walinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na cheti kilichotiwa kwenye fremu ya kioo. Cheti kimeandikwa kwa herufi za dhahabu: "We are extremely happy to bid you farewell." Maana yake, kwa aliyebahatika kuishi bila lugha hiyo, ni kwamba wamefurahi kupita kiasi kuniaga. Nilikisoma mbele ya watu, nikasema asante, nikaketi. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Wengi wao niliwafundisha mwenyewe sentensi hiyo, katika madarasa yaleyale wanayofundisha leo, nikiwa na fimbo ya kuonyeshea mkononi.

Baada ya hapo mkuu wa idara, kijana mwenye haraka, aliniomba niandike uzoefu wangu wa kazi kurasa mbili ili uwafaidishe walimu wapya. Kurasa zimezidi mbili, anisamehe. Habari za vyeo nitaziacha, maana nilipanda kimoja tu, nacho nilikipata kwa sababu aliyekuwa nacho alihamia Njombe. Mshahara nao sitausema, kwa kuwa kila tulipokutana uliondoka kabla hatujazoeana. Nitaeleza habari za ubao mmoja wa plaiwudi, za mama mmoja aliyekuwa akipima chai, na za kosa nililolifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Nilifika Tukuyu nikitokea Singida, mahali ambapo mvua ikinyesha watoto hutoka nje kuitazama. Basi lilinishusha stendi wakati maji yanamwagika, nikajibanza kwenye kibaraza cha duka na sanduku langu la bati. Mwenye duka alinitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Dada, unangoja nini?"

"Nangoja mvua ikatike."

Hakucheka. Aliingia ndani akaniletea kigoda. Nilikaa pale mpaka saa kumi jioni, ndipo nikaelewa maana ya kile kigoda, nikajifunika kanga na kwenda zangu shuleni. Chaki nilizopewa chuoni kama zawadi zilikuwa zimelowa zote. Ninyi mnaopangiwa Rungwe, wekeni chaki kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, na ndani mtie kipande cha mkaa. Chaki iliyolowa haiandiki, inapaka.

Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu wa kike. Nikapangishwa chumba Mpuguso, kwa mjane aliyeitwa Mama Tumpe. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, migomba imeisogelea mpaka dirishani. Usiku wa kwanza alinipa ndizi zilizopikwa na maharage, na bilauri ya maziwa ya mgando, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Jina langu, Zainabu, lilimkalia vibaya mdomoni kama linavyowakalia wazee wengi wa huku, akaniita Sainabu. Sikumsahihisha, na hakuna mwingine niliyemruhusu kuniita hivyo.

Mama Tumpe alikuwa mpimaji wa majani mabichi ya chai kwenye banda la kijiji, ameajiriwa na kiwanda kimoja ambacho jina lake halitusaidii. Wakulima walileta majani kwenye vikapu, yeye akatundika kila kikapu kwenye mizani ya ndoano na kuita uzito kwa sauti. Kazi hiyo ina vishawishi vingi. Kidole kimoja chini ya kikapu kinatosha kumnyima mtu jasho lake la asubuhi nzima. Kwa hiyo Mama Tumpe alikuwa na jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi la mtoni, limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Alikuwa amelipeleka posta mjini likapimwa kwenye mizani ya vifurushi mbele ya mashahidi watatu, likatoka kilo tano kamili. Kila asubuhi, kabla ya kikapu cha kwanza, alilitundika wakulima wote wakitazama. Mshale ukisimama kwenye tano, kazi ilianza. Ukipita au kupungua, alisema, "Leo mizani inasema uongo nusu kilo," na hiyo nusu alikuwa akiirekebisha siku nzima. Sijawahi kusikia mtu akibishana naye.

Siku ya pili ya kufika kwangu nilikutana na Mwalimu Ambokile. Yeye alikuwa mkuu wa idara ya Kiingereza, na idara yenyewe ilikuwa yeye. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na chaki ya rangi yake. Alinifungulia stoo, akatoa ubao wa plaiwudi wenye ukubwa wa mlango, akaupangusa kwa kiwiko.

"Binti yangu," alisema, "watoto hawa nyumbani wanasema Kinyakyusa. Wakitoka barabarani wanasema Kiswahili. Kiingereza watakutana nacho kwenye karatasi ya mtihani, basi. Usihangaike kuwafundisha kusema. Wafundishe kutokosea."

Ubao ulikuwa na safu tatu zilizopakwa rangi nyeupe. Safu ya kwanza ilikuwa ya vielezi vya kiasi: very, too, deeply, extremely na wenzao. Ya pili ilikuwa ya vivumishi vya hali: mwenye furaha, mwenye huzuni, aliye tayari, aliyechoka, mwenye hamu. Ya tatu ilikuwa ya vitenzi vilivyotanguliwa na "to": kuomba, kuarifu, kusafiri, kula, kuzika. Hicho cha kuzika kiliwekwa kwa ajili ya somo la kilimo, pale wanapofukia samadi. Mwanafunzi alianza na "I am", akachukua neno moja kila safu kutoka kushoto kwenda kulia, akafika upande wa pili salama. Hakukuwa na namna ya kukosea.

Nami nilikuwa mgeni, nikaupenda ubao ule kuliko Mwalimu Ambokile alivyoupenda. Niliupaka rangi upya. Niliongeza maneno. Darasa zima liliimba safu kwa safu mpaka mlinzi wa shule akazijua, akawa anatupokea getini asubuhi kwa kututangazia kwamba amechoka sana kusafiri. Watoto walisimama mmoja mmoja wakasema kwamba wana huzuni kubwa ya kula, au wako tayari kupita kiasi kulia. Mimi niliangalia kama maneno yamefuatana sawa. Siku moja msichana aliyezika baba yake Jumamosi iliyotangulia alisimama akasema amefurahi sana kusafiri. Niliweka vema kwenye daftari lake, nikaita anayefuata.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani, mitumba ikafika, magazeti yakawa mengi kuliko habari, na viwanda vikaanza kupata wawekezaji. Kiingereza nacho kikapanda. Watu walioishi miaka yote bila kukikosa wakaanza kukihitaji kabla ya kunywa chai ya asubuhi. Kinyozi wa stendi akaandika "International" juu ya kioo chake, ingawa mteja wake wa mbali kabisa alitoka Kiwira. Shule ya chekechea ikafunguliwa ambamo watoto walichapwa kwa kuomba maji kwa lugha ya mama zao.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, Lusajo, aliyefeli masomo yote ya kidato cha nne isipokuwa Kiingereza, alifungua kibanda cha kupiga chapa mtaa wa Bagamoyo, Bagamoyo hii yetu ya mjini Tukuyu. Alikuja kuniomba ruhusa ya kuunakili ubao wangu kwenye karatasi ya manila. Nilimpa ruhusa na nikamwandikia mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri. Akaibandika ukutani juu ya taipureta.

Mteja aliingia, akaketi kwenye benchi, akaitazama manila kama mtu anayechagua chakula hotelini. Wengi hawakujua kusoma yale maneno, wakawa wanaonyesha kwa kidole. Nilikuwa napita pale Jumamosi, nikasikia mambo.

"Hilo la mwisho, refu, linasemaje?" aliuliza mzee mmoja.

"Extremely. Ni kupita kiasi."

"Niwekee hilo. Na jirani yangu Jumatano ulimwekea lipi?"

"Hilohilo, baba."

"Basi mimi niwekee mara mbili."

Lusajo aliniambia kwamba "very" limeshachuja, hakuna anayelitaka tena ila wanafunzi. Vitu vyote vilipanda miaka ile, na vielezi vilipanda pia. Familia moja ilimwandikia mwajiri wa kijana wao huko Mbeya ili apewe ruhusa ya kuja msibani. Walichagua wenyewe kwa kidole, na barua ikaeleza kwamba ukoo wote una hamu kubwa mno ya kumzika babu. Kijana alipewa ruhusa siku hiyohiyo. Nadhani mwajiri alihisi kuna jambo hapo, akaona asilicheleweshe.

Nilicheka, na nilijivuna. Nilikuwa mwalimu ambaye kazi yake inaonekana mitaani. Hilo si jambo linalompata kila mwalimu.

Ndipo kiwanda cha chai kikapata mwekezaji. Lilitolewa tangazo: ajira za zamani zimekwisha, na anayetaka kurudi kazini aandike barua ya Kiingereza, ajieleze yeye ni nani na kwa nini aajiriwe. Tangazo lilibandikwa kwenye mabanda yote ya chai. Siku ya pili benchi la Lusajo halikutosha, watu wakapanga foleni mpaka kwenye duka la viatu. Wachumaji, wapimaji, madereva, mafundi wa mashine za kukausha, wote walitaka safu tatu.

Mama Tumpe hakupanga foleni. Yeye alikuwa na mwalimu nyumbani. Jioni ile alikuwa jikoni anamenya ndizi, mimi nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Sainabu, nakuomba ile barua."

Nilichukua kalamu, nikaandika bila kuinua kichwa. Dakika mbili, nikamaliza. Akaniambia nimsomee. Nikasoma kwa Kiingereza, kwa sauti yangu ya darasani.

"Sasa nisomee kwa lugha ya watu."

"Nimefurahi kupita kiasi kuomba nafasi ya kazi katika kiwanda chako."

Kisu kilisimama. "Nani amefurahi?"

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Kwenye barua."

"Kazi ni yangu. Nimewapimia watu hawa tangu Tumpe hajaota meno. Leo naambiwa niiombe kama mpita njia. Nimefurahi wapi, mwanangu?"

"Ni adabu ya Kiingereza, mama. Kila mtu anaanza hivyo."

"Ee tata! Adabu gani ya kusema uongo mstari wa kwanza? Mimi siwesi." Aliweka kisu chini, akajifuta mikono. "Andika hivi. Mimi ni mpimaji. Nina jiwe la kilo tano. Kila asubuhi nalitundika wakulima wakiona. Mizani ikidanganya, nasema inadanganya. Waulizeni. Basi."

"Basi tu?"

"Kuna nini kingine?"

Niliyaandika maneno yake kwa Kiswahili, nikamwahidi kwamba nitayageuza kama yalivyo. Nikaenda chumbani kwangu. Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo kazi yangu yote ilipokaa. Nilijua kuyageuza. Mtoto wa kidato cha pili angeweza kuyageuza. Lakini niliyatazama, nikaona hayana hata kielezi kimoja, yako mafupi, yamekaa kama ya mtu anayetoa amri. Nilijiambia kwamba meneja atamwona hana adabu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa barua hiyo isije ikaonekana imeandikwa nyumbani kwa Mwalimu Zainabu, halafu watu wakasema Kiingereza changu ndicho hicho.

Kesho yake nilipita kwa Lusajo, akapiga chapa ile ya furaha kupita kiasi, na chini yake mistari mingine mitatu ya namna hiyo. Nikaipeleka nyumbani. Mama Tumpe aliketi mezani kuweka saini, maana alijua kuandika jina lake na alipenda kuliandika polepole. Kabla hajaanza aliinua macho.

"Ni kama nilivyosema?"

"Ni kama ulivyosema."

Akaandika jina lake.

Orodha ya waliochukuliwa ilibandikwa kwenye geti la kiwanda. Ilikuwa fupi, karatasi moja haikujaa. Mama Tumpe hakuwemo, wala jirani zake, wala karibu wote waliokaa kwenye lile benchi. Waliokuwemo walikuwa watu wachache ambao hatukuwahi kuwaona wakiandika barua, na nilikuja kusikia kwamba hao walipigiwa simu kiwandani na wakubwa wao. Siku hiyohiyo dereva wa kiwanda alikuja shuleni na ujumbe kwamba meneja anamwita mwalimu wa Kiingereza.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri naenda kupongezwa. Nilivaa gauni nililofanyia sherehe ya chuo, nikavaa viatu vya kufunga, nikachukua mwavuli wa Mwalimu Ambokile kwa kuwa wangu ulikuwa na tundu. Njiani nilitunga maneno machache ya shukrani, na yalianza na safu ya kwanza.

Meneja alikuwa mgeni kutoka nje, mtu mrefu mwenye mafua. Alikuwa amepewa jina langu na mlinzi wa geti, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wangu. Hakunikaribisha kiti kwanza. Alivuta gunia la chai kutoka nyuma ya mlango, akalimwaga. Zilitoka barua. Ziliifunika meza, nyingine zikaanguka sakafuni.

"Mwalimu," aliniambia kwa Kiingereza, na ninaeleza kwa Kiswahili, "wilaya hii ina ugonjwa gani?"

"Sijaelewa, bwana."

"Nimefukuza watu wote kazini, na wote wameniandikia kwamba wamefurahi kupita kiasi. Huyu amefurahi mara mbili. Mashine ni moja, maneno ni yaleyale. Nilidhani kuna mtu mmoja amekaa mahali anatengeneza wafanyakazi hewa. Nimezitupa zote. Leo mlinzi ananiambia hapana, ni watu kweli, ni mwalimu wao aliyewafundisha."

Niliinama nikaanza kuokota zile zilizoanguka sakafuni.

"Humu ndani," alisema akigonga rundo lile kwa kidole, "nilikuwa natafuta mtu mmoja aniambie anajua kufanya nini. Mmoja tu. Ningeanza naye."

Barua ya Mama Tumpe niliiona. Ilikuwa karibu na ukingo wa meza, na jina lake chini, limeandikwa polepole. Niliomba niichukue. Meneja akasema nichukue zote nikitaka, akapenga kamasi.

Nilirudi kwa miguu, na mvua ilinyesha, na sikuufungua mwavuli. Mama Tumpe nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango, jiwe lake mapajani, na kile kitenge chake amekifua. Niliona nikiingia ndani kwanza kubadili nguo sitatoka tena. Nikamwambia palepale.

"Mama, barua uliyoweka saini haikuwa ile yako. Ilikuwa ya ubao."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema ni kama nilivyosema."

"Nilisema."

Aliligeuza jiwe mapajani. Maji yalikuwa yananitiririka kwenye gauni. "Uliniogopea mimi," akauliza, "au ulijiogopea wewe?"

"Nilijiogopea mimi."

Akasimama na jiwe lake, akaingia ndani. Siku hiyo hakukuwa na maziwa mezani kwangu, na siku ya pili hapakuwa na maziwa. Sikuweza kula hata nilichojipikia. Nilifikiria kuomba uhamisho, na niliandika hata barua, nikaichana nilipoona nimeianza na "deeply sorry". Siku ya tatu nilikuta bilauri imefunikwa kwa kisahani. Niliinywa huku nalia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nilichukua yale maneno yake ya Kiswahili, nikayageuza kama yalivyo, mistari sita. Nikampelekea meneja mwenyewe, bila viatu vya kufunga. Aliisoma amesimama, akaisoma tena. Alisema hii ameielewa. Kisha akasema nafasi za wapimaji zimeshajaa, na akaitia kwenye droo.

Mpimaji mpya alikuja kwenye banda la Mpuguso, kijana nadhifu aliyepigiwa simu. Asubuhi ya kwanza wakulima walipanga vikapu chini, wakakaa. Akawaita, hawakuja. Akauliza kuna nini. Mzee mmoja akamjibu, "Tunangoja jiwe."

"Jiwe gani?"

"Kama hulijui, basi na chai hatujui tutaipimia nini."

Walikaa siku nzima, majani yakaanza kuungua kwa joto lake yenyewe kwenye vikapu. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu lori la kiwanda lilirudi tupu, na droo ya meneja ikafunguliwa. Mama Tumpe aliitwa.

Msifurahi mapema. Aliitwa kama kibarua wa msimu. Nafasi ya kudumu ilikuwa ya yule kijana, aliyekaa kivulini akitia saini. Mama Tumpe alipima chai kwa msimu, mwaka baada ya mwaka, mpaka magoti yakakataa, na siku alipoacha hakukuwa na pensheni, kwa sababu kwenye vitabu vyao hakuwahi kurudi. Mimi nimestaafu na kiinua mgongo changu, na yeye alistaafu na jiwe. Kila nikifikiria hivyo naona uchungu uleule, haujapungua.

Shuleni sikuutupa ubao. Mwalimu Ambokile, ambaye alikuwa karibu kuondoka, alinisikiliza habari yote akasema, "Lakini sentensi zenyewe zilikuwa hazina kosa," na hakuwa anatania. Niliongeza kitu kimoja tu. Mwanafunzi akishamaliza safu zote tatu, nilimuuliza, "Kweli?" Ilibidi ajibu. Kama si kweli, aliketi atafute nyingine. Vipindi vilirefuka vibaya sana. Mkaguzi wa elimu aliandika kwamba mwalimu anapoteza muda kwa maswali yasiyo kwenye muhtasari.

Siku moja msichana wa kidato cha kwanza kutoka vijiji vya juu alisimama, akatazama ubao muda mrefu. Akasema, "I am too hungry to listen," yaani ana njaa mno, hata kusikiliza hawezi. Neno la njaa halikuwepo ubaoni, alilitoa kichwani mwake.

"Kweli?" nikamuuliza.

"Kweli, madamu."

Nilimpeleka jikoni mwenyewe, mpishi akampa ukoko wa uji na ndizi mbili. Kama mnataka kujua ni lini nilianza kufundisha Kiingereza, nadhani ni siku hiyo, na nilikuwa nimeshaajiriwa muda mrefu.

Sasa nirudi kwenye kuagwa. Wasemaji walikuwa wengi. Mkuu wa shule alifurahi sana. Mwakilishi wa wazazi alifurahi mno. Lusajo, ambaye siku hizi ana kompyuta nne na ndiye aliyechapa kile cheti, alifurahi kwa Kiingereza. Mshereheshaji akaona bibi mmoja ameketi nyuma na binti yake, akaambiwa huyu ndiye aliyempokea mwalimu alipofika, akampelekea kipaza sauti.

Mama Tumpe hakukitaka, binti yake akamshikia. Alisimama kwa shida, ameshika mgongo wa kiti.

"Ndaga fijo, nawashukuru," alisema. "Mimi maneno mengi siwesi. Huyu Sainabu alinikosesha kazi."

Mkuu wa idara akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kabati.

"Walionikosea ni wengi. Aliyekuja mlangoni kwangu amelowa, akaniambia mwenyewe, ni huyu peke yake. Amekunywa maziwa yangu miaka yote. Sasa anarudi kwao kwenye jua." Akavuta pumzi. "Nimewasikia wote hapa mnasema mmefurahi. Mimi sijafurahi."

Akaketi.

Nililia mbele ya wanafunzi wangu, walimu wenzangu na mshereheshaji. Mkuu wa idara, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za hafla, aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini maneno yale ya bibi ayaweke vipi kwa Kiingereza, maana kumbukumbu zote zilikuwa kwa Kiingereza. Nilimwambia ayaandike kama alivyoyasema.